Fundi wa Meno ya Mbali

Siku ya kwanza aliingia dukani kwangu Kakuma mjini kutafuta kompyuta, na mimi nikampima kama ninavyompima kila mteja: kandambili zilizoshonwa, kitenge safi, mkoba wa ngozi uliokula miaka, umri wa mtu ambaye amedanganywa mara moja na hatarajii mara ya pili. Nikataja bei ile ya kuanzia, ambayo hata mimi siiamini. Aliwasha mashine, akapekua ndani yake mpaka akapata picha ya harusi iliyosahauliwa na mwenye kompyuta wa zamani, akaivuta ikakua na kukua hadi bwana harusi akabaki mdomo mtupu. Kisha akakiinamia kioo.

"Hii mashine iko na macho mabaya," akasema. "Angalia. Ile jino ya pembeni inaungana na jirani yake. Mipaka haionekane."

"Mama, hii ni ya ofisi. Inaandika barua safi sana."

"Miye sitaki barua. Nataka mipaka."

Akaniangalia, si machoni, mdomoni. "Na weye uko na meno makumi tatu. Mbili ya chini, ya katikati, walikutoa ukiwa mutoto. Na ya nyuma kulia inakusumbua. Njo maana unaongea ukiegemea upande moja."

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Nahesabu mzigo ukishuka kwenye basi, nauhesabu tena ukiingia dukani, kwa sababu kati ya basi na duka kuna hatua ishirini na katika hatua ishirini mambo hutokea. Lakini hakuna mteja aliyewahi kuihesabu mali yangu kabla sijaihesabu yake. Nikamtolea mashine nyingine, ya kioo kizuri, niliyokuwa nimeificha nyuma, na bei nikaishusha mwenyewe. Sijawahi kufanya hivyo tena.

Nitamwita Fundi, kama wote walivyomwita. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kambini, na huko ndiko lilikostahili kukaa. Alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, sikumuuliza. Kakuma maswali hayo huulizwa na maofisa wenye fomu, na mtu akishayajibu mara tano huwa hana hamu ya kuyajibu kwa jirani. Nilijua ametoka Kongo kwa sababu ya Kiswahili chake, na kwa sababu akikasirika alihamia Kifaransa, lugha ambayo mimi siielewi, kwa hiyo ugomvi wetu mwingi alishinda yeye.

Kazi yake ilinichukua miezi kuielewa, nami niliielewa kwa njia yangu. Mtu wa Ulaya anavunjika jino. Daktari wake anampitishia mdomoni kifaa kama mswaki mnene, mdomo wote unageuka faili. Faili inafika Kakuma kwa mtandao. Fundi anaifungua, anaona kisiki cha jino na majirani zake, na juu ya kisiki anachora kofia ya jino: kimo, mabonde, kingo, mahali pa kugusana na jino la juu. Anairudisha. Huko kwao mashine inachonga kofia hiyo kutoka kwenye kipande cheupe kigumu, daktari anaivika, mtu anakwenda kula nyama yake. Hajui kama kuna mahali panaitwa Kakuma. Mimi nilikuwa nimezoea kusafirisha samaki waliokaushwa kutoka ziwani hadi kambini, nikijivuna kwamba nimefika mbali.

Tulikodi chumba nyuma ya duka langu, cha mabati. Yeye mchoraji, mimi mtu wa kuzungumza na wateja, maana Kiingereza changu ni cha kuuzia na kuuzia ndiko kulikohitajika. Tulifanya kazi jua likiwa kali kabisa, saa nne hadi saa kumi, wakati paneli za sola zinapokula vizuri. Watu wengine wa Kakuma saa hizo wamelala chini ya kivuli wakihema. Sisi tulikuwa tumetundika magunia yaliyolowa maji madirishani, kompyuta zinavuma kama nzi, na Fundi amejifunga taulo kichwani akichora gego la mwanamke wa mahali penye theluji.

Lakini jambo moja lilimkaa kooni, na alilisema karibu kila wiki. Zamani, kabla ya kioo, alikuwa akichonga kwa mikono: plasta, nta, moto. Kazi ikiisha daktari alimwita.

"Alikuwa ananiita, 'Fundi, kuja uone.' Naingia. Mugonjwa anafunga mudomo, anauma, anafungua. Naona jino inafanya kazi. Sasa hapa nimechora meno mia na mia, hata moja sijaona inauma. Bwana Bei, muntu hajaona kazi yake inauma, huyo si fundi. Ni muchoraji wa picha."

Bwana Bei ni mimi. Vyeti vyake vilipotea njiani, na ofisi kadhaa zilikuwa zimemwambia kwamba bila cheti yeye ni mama wa nyumbani mwenye uzoefu. Neno "fundi" ndilo pekee alilovuka nalo mpaka. Sasa alikuwa akiogopa kwamba hata hilo linamtoka mkononi. Mimi nilimjibu kama mfanyabiashara: wateja wanarudi, kwa hiyo meno yanauma. Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mbuzi aliyekula leso.

Alikuwa na wanafunzi watatu, na hakumruhusu hata mmoja kugusa kompyuta mwezi mzima wa kwanza. Aliwapa sabuni ya mche na kisu kidogo. "Chonga gego." Kwa joto la Kakuma sabuni inalainika kabla hujamaliza upande wa jino unaoelekea ulimi, inabidi uanze upya asubuhi yake. Vipande vilivyoanguka tulifulia. Kwa kipindi hicho nguo zetu zilikuwa safi kuliko za askofu. Nami alinilazimisha nichonge, akisema sitauza nisichokijua. Nilichonga siku mbili. Akakigeuza kile kitu mkononi mwake.

"Hii ni jino ao ni goti ya ngamia?"

"Ni gego, Fundi. La chini. Kushoto."

"Basi huyu ngamia anaumwa sana."

Hata hivyo hakulitupa. Aliliweka juu ya rafu pamoja na ya wengine, na wageni wakija aliwaonyesha yote bila kusema lipi la nani. Hiyo ilikuwa heshima yake kwa watu: kukucheka mbele yako, kukusitiri mbele ya wengine.

Mwenyewe alikuwa na kinywa kibaya. Hili nalitaja kwa sababu nampenda, na kwa sababu ni kweli. Chai yake ilikuwa vijiko vinne vya sukari, nilihesabu, nikahesabu tena siku nyingine nikidhani amekosea, vikawa vinne. Alitafuna upande wa kushoto tu. Nilipomwambia aende hospitali alisema madaktari wa meno anawajua mno, amekaa nao chumba kimoja. Aliwafundisha wanafunzi usafi wa kinywa kwa ukali wa padri, kisha akavunja mfupa wa mbuzi kwa meno yaliyobaki. Aliimba kwaya ya kanisani Jumapili, na Jumatatu akaitukana programu ya kompyuta kwa Kifaransa mpaka nikahisi inamwelewa.

Kwenye bei hakunisaidia. Mimi nilitaka kuwapa wateja punguzo, mtu akileta kofia kumi tumpunguzie moja. Alikataa. "Meno si nyanya." Nikamweleza kwamba kila kitu ni nyanya, tofauti ni muda tu wa kuoza. Akasema kwa hiyo mimi nimekubali kwamba meno yanaoza, na kama yanaoza basi yanahitaji fundi, na kama yanahitaji fundi basi bei haishuki. Miaka yote sokoni, kuanzia Lodwar hadi Lokichoggio, sijafungwa kamba fupi namna ile.

Sasa niseme juu ya ile taya, kwa maana watu husimulia wanavyotaka na mimi nilikuwepo.

Tulikuwa na mteja mmoja mkubwa, maabara ya meno ya Ulaya iliyotupa karibu kazi zetu zote, ikisimamiwa na mama mmoja aliyeandika ujumbe mfupi kama telegramu. Siku hiyo alituletea kazi ambayo hatujawahi kupewa: mzee asiye na jino hata moja, anataka meno bandia ya juu na ya chini. Fundi alimpa Akiru, mwanafunzi wake bora, msichana wa Lodwar aliyesomea kompyuta. Nusu siku ikapita.

"Fundi, hii taya ya chini ni nyembamba. Meno hayaenei. Nikipanga yote, mbele yanapandana."

"Tafuta njia. Kila taya iko na njia."

Akiru akatafuta, akaipata. Alipomaliza, taya ilikuwa imetulia, imepumua, ina sura ya mtu. Nikaitwa kuhesabu, maana hakuna faili iliyotoka bila mimi kuihesabu mara mbili. Nikaanzia katikati, kulia sita, kushoto sita. Nikarudia. Sita, sita. Mizani sawa. Fundi naye akaja, akainama, akaizungusha taya kwenye kioo juu na chini.

"Hii nzuri," akasema. "Hii iko na uso ya muntu." Ikaenda.

Jibu lilikuja kesho yake, maneno machache: meno mawili ya mbele ya chini hayapo, mnaweza kueleza?

Tukafungua faili, tukaitazama. Akiru akaiona kwanza, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameyaondoa meno mawili ya katikati ili mengine yapate nafasi, akaacha pengo pale pale ambapo yeye ana pengo. Mimi nilikuwa nimehesabu kuanzia kwenye pengo, kwa sababu nami ndipo ninapoanzia. Kwetu meno hayo hutolewa utotoni, na uso usio na pengo hilo wazee huuona kama nyumba isiyo na mlango. Tulimtengenezea mzee wa Ulaya mdomo wa Mturukana, tena mzuri. Na Fundi, ambaye hakuzaliwa kwetu, ambaye siku ya kwanza alinihesabia pengo langu dukani, alikuwa ameketi mbele ya vinywa vyetu muda mrefu mpaka akaacha kuliona.

Nikawa mfanyabiashara papo hapo. "Tuwaambie faili iliharibika njiani. Mtandao wa Kakuma kila mtu anaujua. Hakuna atakayeuliza."

"Hapana."

"Fundi, huyu ndiye mteja wetu. Akiondoka, hiki chumba kinarudi kuwa stoo yangu ya betri."

"Itarudi stoo. Lakini mutandao haikutoa meno ya muntu. Sisi tulitoa. Andika."

Akanisomea, nami nikageuza kwa Kiingereza changu cha sokoni. Alisema kwamba hapa tunapofanyia kazi, watu huondolewa meno mawili ya chini wakiwa wadogo, na mdomo wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mzima na mzuri. Kwamba wafanyakazi wake wamechora mdomo mzima na mzuri. Kwamba mzee huyo si wa hapa, kwa hiyo ni kosa, na kosa ni la fundi aliyekagua, si la aliyechora. Kwamba taya sahihi imeambatanishwa. Usiku wote hakulala? Sijui, mimi nilikwenda nyumbani saa kumi kama kawaida. Ninachojua ni kwamba taya ilikuwa tayari kabla ya chai, meno kumi na manne, hesabu kamili ya meno bandia ya taya moja, yamekaa kwenye ile taya nyembamba kama watu wa heshima kwenye benchi fupi.

Siku tatu hakuna jibu. Akiru alisema atarudi Lodwar. Fundi akampa kipande kipya cha sabuni. Siku ya nne ujumbe ukaja, mrefu kuliko wote aliowahi kutuandikia yule mama: amewasomea barua yetu wafanyakazi wake wote, anataka kujua mengi zaidi, kazi nyingine ziko hapo chini. Zilikuwa nyingi. Nilizihesabu mara tatu, mara ya tatu kwa raha tu. Tangu hapo nahesabu meno kwa orodha iliyochapishwa ukutani, si kwa ulimi wangu.

Ungedhani hilo lingemtosha. Siku ile ile jioni alinywa chai yake ya vijiko vinne, akasema, "Wameamini maneno yangu. Jino bado sijaona."

Baadaye nilirudi Lodwar kusimamia duka langu la huko, chumba kikabaki mikononi mwake na mwa Akiru, nasi tukawa watu wa kupigiana simu. Ndiyo maana nilishangaa asubuhi moja kumwona anashuka kwenye basi la Kakuma na ule mkoba wake.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturukana.

"Ejok-noi. Bwana Bei, nipeleke kwa mama wa vikapu."

Daktari mmoja wa meno wa Lodwar alikuwa amenunua kifaa cha kupiga picha za mdomo, Akiru akasikia habari zake, akampigia simu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama msukaji wa vikapu aliyevunjika jino la mbele la juu. Faili ya mdomo wake ilikuwa imekwishafika Kakuma, lakini Fundi alikataa kuchora kabla ya kumwona mwenye mdomo. Akakaa naye asubuhi nzima pale barazani, bila kuongea sana, akimtazama anavyopasua kwa meno majani ya mkoma ya kusukia, anavuta, anatema, anavuta. Kisha akapanda basi la kurudi, akachora.

Mashine ya kuchonga ilikuwa Nairobi. Wenye mashine wakanipigia mimi, kwa kuwa namba yangu ndiyo ya biashara.

"Bwana, kwenye maelezo ya rangi kuna makosa. Mmeandika jino liwe na mistari ya kahawia."

"Si makosa."

"Mnataka jino chafu?"

"Nataka jino la Lodwar. Maji yetu ya visima hupaka meno rangi hiyo tangu utotoni. Mkitia jeupe tupu, kila mtu mjini atajua ni la kununua. Fundi ametuma picha, fuateni picha."

"Mteja akilalamika?"

"Mtanipigia tena, nami nitakuwa hapa hapa."

Lilipofika, Fundi akaja tena. Daktari, kijana mpole, akamwambia asubiri nje, kazi ikiisha amwite. Akaketi kwenye benchi, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama mtu aliyeitwa na hakimu. Nilimzungumzisha mambo ya bei ya paneli, hakunisikia. Nilimwona anasogeza midomo na kudhani anasali, kumbe anahesabu hatua za kazi iliyokuwa ikifanyika ndani: sasa anasafisha, sasa anajaribisha, sasa anaweka gundi, sasa anangoja.

Mlango ukafunguka. "Fundi," daktari akasema, "karibu uone."

Tukaingia. Mama wa vikapu alikuwa ameketi kwenye kiti kile cha kulalia, kioo kidogo mkononi, anajitazama kwa shaka ya mnunuzi mzoefu. Nilimpenda mara moja.

"Mama, fungua kidogo," Fundi akasema. Akainama. Akatazama muda mrefu, na mimi nyuma yake nikatazama pia, nikatafuta lile jino jipya, nikahesabu kutoka kulia, nikahesabu kutoka kushoto, na sikulipata. Yote yalikuwa na rangi ya maji yetu.

"Sasa uma pole pole," Fundi akasema. "Na kitambaa hii. Pole."

Mama wa vikapu alikitazama kile kitambaa, akaona ni mzaha. Akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa jani la mkoma, akaliweka kwenye meno ya mbele na kulivuta. Lilipasuka kwa mlio mkavu kuanzia juu hadi chini.

"Mama!" Daktari aliruka. "Hilo jino si mkasi! Lingevunjika!"

"Haitavunjika," Fundi akasema, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilimwona anakata. Nilitia unene nyuma." Kisha akamwambia mama, "Tena."

Mama akapasua tena. Na tena. Vipande vinne vya mkoma vikalala mapajani mwake, vimenyooka, upana mmoja. Fundi alikuwa amepiga magoti chini sasa, usawa wa mdomo ule, mikono yake miwili imeshika mkono wa kiti, na machozi yanatelemka bila yeye kuhangaika nayo.

"Jino yangu," akasema. "Inauma. Bwana Bei, ona. Jino yangu."

Mama wa vikapu akafunga mdomo. Akamtazama mwanamke huyu mgeni aliyepiga magoti mbele yake, akapitisha ulimi nyuma ya midomo, akapima, akaamua.

"Jino lako kivipi?" akasema. "Hili ni langu."

Fundi akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia chumbani kwetu Kakuma, akafuta uso kwa ncha ya kitenge na kuinuka.

"Ni ya kwako, mama," akasema. "Ya kwako kabisa."